Mbwa wa Bibi Siku ya Mfungo

Juzi, dukani mjini Rockville, huku ughaibuni, niliona kijibwa kikitetemeka ndani ya koti la mama mmoja, nikamkumbuka mbwa wa bibi.

Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa akimtunza bibi mmoja mgonjwa, na siku ya mfungo wa kanisa letu alinipeleka kazini kwake, akaniambia nimpe mbwa wa bibi, mdogo kama paka, chakula kidogo kidogo mara tatu. Nyumba ilinuka dawa ya kuchua na kahawa. Mbwa sikumpa chakula. Niliona ni vyema naye afunge.

Alasiri mbwa akayumba, kisha akatetemeka mwili mzima, kucha zikigonga sakafu. Kanisani watu walitetemeka hivyo Roho alipowashukia. Nikapiga magoti nikashukuru.

Mama akatukuta. "Huyu amekula?"

"Anafunga, Mama, kama sisi."

"Wewe, huyu ni mbwa. Lete asali, haraka."

Alimpaka ufizini kwa kidole, hadi ulimi ukaanza kulamba. Leo najua mbwa wadogo hivyo huishiwa sukari upesi, Mungu alinihurumia. Lakini zile kucha bado nazisikia. Sasa mimi ni mzee wa kanisa, na mtu akitetemeka kwenye maombi, kabla sijamwekea mikono, humwuliza amekula lini.