Mbuzi Hashiki Miiko

Hadi leo siwezi kuvumilia harufu ya mafuta ya nyonyo. Wajukuu zangu wakijipaka kichwani, mimi huhamia nje, nao hudhani ni uzee tu.

Harufu hiyo ndiyo waliyokuja nayo watu wa maji, vibuyu mkononi, hadi uwanjani kwetu Mshangano. Maji yao yalichanganywa na nyonyo na mtama. Ukipakwa, ukashika miiko, risasi ya Mjerumani inageuka maji. Kaka yangu mkubwa alikuwa wa kwanza kusogea. Lakini baba, mwindaji mwenye gobore lake na mbishi aliyezoea kuwaumbua waganga, alisema mwanawe haendi vitani mpaka dawa ijaribiwe.

"Mpakeni mbuzi wangu kwanza."

Akapakwa. Gobore likalia, mbuzi akaanguka palepale.

Mganga wao hakupepesa hata jicho. "Mbuzi hashiki miiko. Jana tu alikuwa na majike."

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka bila kujua kinachochekesha. Baba aliiva uso kwa hasira. "Basi mpakeni mwanangu. Yeye ameshika miiko. Nitapiga mimi."

Nadhani alitegemea kaka atarudi nyuma. Kaka akaenda kusimama pale mbuzi alipoangukia, kifua wazi kinang'aa mafuta.

"Piga, dadi," alimwambia baba.

Baba alishindilia baruti polepole mno. Mama alipiga yowe moja, akajifunika uso kwa kaniki. Mtutu uliinuka, ukashuka.

"Mmeona! Dawa imemzuia!" mganga alipaza sauti.

Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele. Nilirukaruka kwa furaha: kaka yangu hatakufa! Hata waliokuwa wakisitasita walikimbilia kupakwa. Baba aliketi chini, gobore mapajani, akisema, "Sikilizeni, jamani, sikilizeni," na hakuna aliyemsikiliza. Yule mbuzi tulimla jioni ileile.

Kaka alikwenda na wenzake kupigana Bomani, kwenye ngome ya Mjerumani, hakurudi. Waliorudi walisema bila shaka alivunja mwiko. Maneno hayo yalimchoma baba. Alizunguka hadi Namtumbo akiwaambia watu kwamba mwanawe hakuvunja chochote, dawa ndiyo ya uongo. Kila mahali walimuuliza: mbona siku ile wewe mwenyewe ulishindwa kupiga?

Jibu nililipata mimi, miaka mingi baadaye, siku nilipopakatishwa mwanangu wa kwanza. Askari aliyempiga kaka kule Bomani hakuwa baba yake.