Koti la jeshi la mama mdogo

Kamwene wakuu.

Mimi ni bibi wa Njombe, miaka themanini na ushee. Mjukuu anachapa, mimi nasema. Nililoliona kwa macho yangu ndilo ninalolileta, chumvi sina.

Enzi za Mwingereza, vita kubwa ilipokwisha, mama yangu mdogo alirudi kutoka kambini akiwa mjane. Alikuwa amemfuata mumewe askari, halafu hospitali ya kambi ikamchukua kazini. Akabeba machela, akaosha vidonda vya wanaume wazima. Siku ya kuondoka naye akapewa koti la jeshi, lile zito la sufu.

Nyie wa Dar hamuijui baridi ya Njombe mwezi wa sita. Koti lile lilikuwa mali!

Basi shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, akaja kutoka Makambako. Kwetu nguo za marehemu zilichukuliwa na ndugu zake. Akalitaka koti, akidai ni la ndugu yake.

Mama mdogo akawaambia wazee wa ukoo walioitwa kuamua, "La mume wangu alizikwa nalo. Hili nilipewa mimi, kwa kazi yangu."

Wazee wakacheka. Mmoja akamuuliza, "Tangu lini mwanamke akawa askari?"

Wakaamua alitoe. Akalivua, akalikunja vizuri, akampa shemeji kwa mikono miwili.

Shemeji akalivaa palepale. Wakuu, mikono ikaishia karibu na viwiko! Mgongoni likagoma kabisa. Na marehemu alikuwa mrefu kumpita.

Kila mtu aliona. Hakuna aliyefungua mdomo. Jamaa akarudi nalo Makambako hivyohivyo, bila aibu.

Tukatembea na mama mdogo hadi nyumbani, amejifunga shuka, anatetemeka. Hakulitaja tena koti lile mpaka anakufa. Iliniuma, na leo bado inaniuma.

Sasa huyu mjukuu anayechapa ni binti, na mwezi uliopita kamaliza mafunzo ya jeshi. (Hapa kasita kuandika, nimemwambia andika!) Alipokuja likizo nikamwambia avae sare nimwone. Nikamshika mikono ya shati. Ilimfika sawasawa.

Nikalia kama mtoto mdogo.

Wakuu, wale wazee hawakuwa watu wabaya. Ila waliona koti linamgomea shemeji wakanyamaza, na kunyamaza kwao kulitosha kumnyima mtu koti lake.

Kwenu je, yupo mama aliyefanya kazi ya jeshi akaambiwa ni mke wa askari tu? Mtajeni hapa. Binti atanisomea.