Mama wa stoo niliyemwandikia ripoti kwamba hafundishiki kompyuta

Wakuu, salaam kwenu wote.

Wiki iliyopita nilisoma humu mtu analalamika kwamba wafanyakazi wa ofisini kwao ni vichwa vigumu, mfumo mpya umewashinda. Nikapita kimya, lakini roho haikutulia. Nina mkasa wangu wa aina hiyo. Nitausema wote, hata pale unaponichafua mimi mwenyewe.

Ni miaka ile mashirika ya umma yanauzwa kwa watu binafsi. Nilikuwa kijana, nimetoka Dar na cheti cha kompyuta, nikaajiriwa kiwanda kimoja pale Morogoro. Jina siliweki. Mwenye mali mpya alitaka stoo ya spea iachane na madaftari, iingie kwenye kompyuta. Kazi hiyo nikapewa mimi.

Stoo ilikuwa ya Mama Mkude, Mluguru wa Mgeta, mtu mzima, elimu yake darasa la saba, yuko pale tangu kiwanda kinafunguliwa.

Fundi akija dirishani anasema tu, "Mama, ile ya masikio mawili ya mashine ya tatu." Anaingia ndani, anatoka nayo.

Mfumo niliutengeneza mwenyewe na nilijivunia sana. Screen nyeusi, maandishi ya kijani, Kiingereza kitupu. Nafasi kumi na nne za kujaza kabla hujatoa hata nati moja. Ukikosea inalia piii, halafu inaandika INVALID ENTRY, yaani ulichojaza si sahihi.

Nilimfundisha wiki tatu. Kila siku alikwama palepale. Ikilia, anaondoa mikono haraka na kuwatazama mafundi waliosimama dirishani. Baadhi yao walikuwa wanacheka.

Na mimi nilicheka, wakuu. Siwezi kuliruka hilo.

Meneja aliponiuliza maendeleo, nikaandika ripoti ya ukurasa mmoja. Ndani yake kulikuwa na neno moja: hafundishiki. Enzi zile za kupunguza watu, neno kama hilo lilitosha. Ikaamuliwa mwisho wa mwezi atafutwe mwingine.

Kabla mwezi haujaisha Mama Mkude akafiwa na dada yake, akapanda kwao Mgeta, milimani. Stoo nikakaa mimi.

Siku ya pili akaja fundi anataka beringi ya mashine ya pili ya kusokota nyuzi. Nikajaza nafasi zangu kumi na nne chapchap, nikapata namba, nikampa.

Akaigeuzageuza. "Una hakika, kijana?"

Nikamwonyesha screen. Akaondoka nayo.

Haikukaa. Wakailazimisha, ikakwama, ikabidi wafungue kila kitu upya. Na beringi sahihi hakuna aliyejua iko wapi. Mashine ile ikasimama, na zilizokuwa zinaitegemea zikasimama nayo.

Kesho yake asubuhi nikawakuta vibarua getini wanarudishwa nyumbani. Kibarua wa siku asipoingia getini, siku hiyo hana kitu. Kulikuwa na mama mmoja na mtoto mgongoni. Hakulalamika. Aligeuka tu, akashika njia.

Meneja akaniambia nikamtafute Mama Mkude. Nikadandia lori lililokuwa linafuata kabichi Mgeta, mwisho nikatembea, vile vijia vya mlimani vikanitoa pumzi. Nikamkuta mkekani na wafiwa wenzake.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba mwanangu. Nimeshapoa." Akatazama viatu vyangu vilivyojaa udongo. "Stoo kuna nini?"

Nikamweleza, uso chini. Hakufikiri hata kidogo.

"Mashine ya pili tundu lake lilichongwa likapanuka zamani, haitumii beringi ya kwenye kitabu. Nenda rafu ya chini nyuma ya mlango, kuna boksi limefungwa kamba ya katani."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tuliingize hilo kwenye kompyuta.

"Tuliingize wapi? Nafasi kumi na nne, hakuna hata moja inayouliza mashine gani." Akaongeza, "Halafu ile sauti, mwanangu. Inanigombeza mbele ya vijana niliowapokea kazini mimi. Ikishalia, hata ninachokijua kinanitoka."

Niliushuka ule mlima nikijiona mdogo sana. Nilikuwa nimejenga mfumo unaouliza maswali ya ofisini, halafu nikampima nao mtu ambaye kazi yake ni kujibu maswali ya mafundi.

Boksi lilikuwa palepale aliposema. Mashine ikawaka.

Nikaenda kwa meneja kabla ujasiri haujaniisha. Nikamwambia naomba kuifuta ile ripoti.

"Kwani ilikuwa ya uongo?"

"Hapana. Alishindwa kweli. Ila nilimpima kwa kitu kibovu."

"Nakupa wiki mbili ukirekebishe. Ikishindikana mnaondoka wote wawili."

Mama aliporudi sikumfundisha chochote. Nilikaa nyuma yake na daftari, naandika wanachoulizana na mafundi. Karibu kila mara ni vitu vitatu: mashine gani, sehemu gani, inafananaje.

Nikajenga screen ya maswali hayo matatu, kwa Kiswahili, kwa maneno yao wenyewe. Hata "masikio mawili" ikaingia. Zile nafasi nyingine nikaiachia kompyuta ijaze yenyewe, maana nyingi kumbe ilikuwa inazijua. Chini nikaweka sehemu ya maelezo, Mama aandike anachokijua yeye. Ukikosea, inasema: Sijaipata, jaribu tena. Mlio nikauua kabisa.

Siku ya mwisho meneja alisimama dirishani mwenyewe. Fundi akaomba spea. Mama akaandika kwa kidole kimoja, midomo ikisoma. Akakosea herufi.

Nikabaki nyuma yake.

Akausoma ule ujumbe, akafuta, akaandika upya. Kisha akanyanyuka kwenda rafuni, akarudi na spea ileile iliyoombwa.

Meneja akasema, "Sawa," akaondoka zake.

Mama Mkude alikaa pale mpaka akastaafu, na aliyempokea alikuta ile sehemu ya maelezo imejaa. Wale vibarua, siku zao hazikurudi. Hakuna aliyewaomba radhi, mimi nikiwemo, na hilo bado linanikaa.

Nimefanya mifumo mingi tangu hapo. Nikiambiwa user fulani hafundishiki, naomba kwanza nikae nyuma ya kiti chake nusu siku, nisiguse kitu.

Wataalamu wa mifumo mliomo humu, njooni mnipinge kama nimekosea. Na wewe uliyewahi kuitwa mgumu wa kuelewa, tuambie ulikwama kwenye kitufe gani. Tunaotengeneza mifumo tunahitaji kusikia.