Kondoo Anaingia, Mbuzi Anabaki Nje

Kwenye dobi la hospitali walimwita Bi Pasi, na jina likamganda. Alisimama kutwa mbele ya pasi kubwa ya mvuke, akilisha mashuka ya wodi upande huu na kuyakunja upande ule. Akitoka hapo alikwenda nyumbani kumgeuza, kumwogesha na kumlisha mama yake, aliyepigwa na kiharusi mwaka uliopita. Mama alikuwa haongei tena ila neno mojamoja, na hilo nalo kwa kulivuta. Ndugu walituma salamu. Salamu hazigeuzi mgonjwa.

Saa ya mapumziko alikaa na wenzake wawili kwenye benchi nyuma ya madumu ya sabuni: Dada Mkubwa, mfuaji aliyewatangulia wote kazini, na msukuma toroli waliyemwita Breki kwa kuwa toroli lake halikuwa nazo. Breki ndiye aliyeleta mchezo. Alisema ana chumba, na chumba kina sharti. Wao wataje kitu, naye atasema kinaingia au hakiingii, mpaka walijue sharti lenyewe. Taa ikaingia, balbu ikakataliwa. Saa ikaingia. Kondoo akaingia, mbuzi akabaki nje. Choo kikaingia, bafu hapana, na Dada Mkubwa akampa pole mpangaji wa chumba hicho.

Dada Mkubwa alilifumbua siku ya pili, akabaki anatabasamu tu. Bi Pasi akaendelea kupapasa. Alidhani ni vitu vya mwanga, kondoo akamharibia. Akadhani ni vitu vya lazima, mkate ukakataa. Siku moja alisinzia amekaa, na walipomgusa bega akataja usingizi.

Breki akasema hauingii.

"Basi hata kwako hauingii," Bi Pasi akasema, wala hakucheka.

Kabla ya wiki kwisha maji yalimfika shingoni. Breki alimwambia, kwa utani tu, afikirie kidogo. Bi Pasi akaweka kikombe chini.

"Mimi nikitoka hapa sifikirii, Breki. Nabeba. Chezeni wenyewe."

Akarudi kwenye pasi mapumziko hayajaisha, na mchana ule hakuna aliyemsogelea.

Jioni, giza likianza kuingia, alikuwa anamkausha mama miguu aliposikia ule ulimi mzito ukisema, "Washa ta... a."

Akabaki na taulo mkononi. Ta-a. Sa-a. Cho-o. Kondo-o. Maana haikuhusika hata chembe. Ilikuwa sauti tu, irabu inayojirudia mwishoni mwa neno. Wiki nzima alikuwa anapekua kabati, kumbe kitu kiko mlangoni. Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka hoi, kisichofika mbali, na mama akamkazia macho akitaka kujua. Basi akamweleza mchezo wote, polepole, bila kuwa na hakika kama anasikika.

"Mi... mi?" mama akauliza.

Bi Pasi akafikiri, akamjibu kwamba mama haingii, ila mzee anaingia. Mdomo wa mama ukapanda upande ule mzima. Alikuwa anacheka.

Kisha akasema, "Cha... ngu." Ilichukua muda Bi Pasi kuelewa kwamba anataka chumba chake mwenyewe. Mama akafumba macho. Wanasema ukimwona kobe ameinama, ujue anatunga sheria. Bi Pasi akangoja, akidhani kalala. Macho yalipofumbuka akamtajia kijiko. Mama akaitikia kwa kichwa: kinaingia.

Kesho yake Bi Pasi alimfuata Breki kwenye benchi, akamwambia mguu unaingia, mkono hauingii. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi, na Breki akamsogezea nafasi. Zamu ya kutunga ilikuwa yake sasa. Akasema yeye hana kitu kichwani, ila amekuja na chumba cha mama. Wakakihangaikia siku hiyo na siku zilizofuata, yeye akimuuliza mama jioni na kurudi na majibu. Kijiko, mvua na jirani viliingia. Sahani na jua vikakataliwa. Hawakuambulia kitu.

Mwishowe Breki akauliza kwa upole kama kweli sharti lipo, au mama anajibu tu linalomjia.

Bi Pasi alikuwa anajikanda kiuno. "Sijui," akasema. "Kuna siku naona hakuna. Lakini nilimtajia mto, akakataa. Nikaacha siku zipite, nikamtajia tena. Akakataa, tena akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa."

Dada Mkubwa akauliza kama blanketi limeshatajwa. Bi Pasi akasema bado, ataliuliza jioni, akainuka kwa kushika ukuta.