Nilivyomsimamia Mwalimu Wangu

Siku niliyopewa ofisi ya mkuu wa wodi, aliyekuwa mkuu ndiye aliyenipangia meza. Alipangusa droo, akaondoa kikombe chake na picha ya binti yake, akanionyesha ufunguo wa kabati la dawa na ufunguo wa stoo, kisha akavaa glavu akaenda kumchoma sindano mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Mimi nikabaki nimesimama mlangoni na kadi mpya shingoni, sijui niketi au niondoke.

Wodi yetu, katika hospitali moja ya Muscat, ni ya kusafisha damu, ya watu ambao figo zao zimechoka. Yeye ni Mfilipino, na sote tunamwita Ate, neno la kwao la kumwitia dada mkubwa. Hata madaktari humwita hivyo. Nilipotoka chuo cha uuguzi, mkono unanitetemeka mbele ya mshipa utadhani nina homa, ni yeye aliyenishika kiwiko. Sindano za wodi hii ni nene, na ukiuharibu mshipa, mgonjwa anarudi kupasuliwa. "Usiikodolee macho sindano," alikuwa akiniambia. "Mtazame mtu, zungumza naye." Alinivumilia miaka. Kisha ikaja amri kwamba nafasi za ukuu zishikwe na wananchi, na katika wodi ile mwananchi mwenye sifa nilikuwa mimi. Sikuomba, sikumsengenya mtu, sikupiga simu kwa yeyote. Nasema hivi kila ninapohadithia, na kila nikisema najisikia vibaya zaidi, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi michache na ameshaambiwa hautafanywa upya. Kwa hiyo akawa muuguzi wa kawaida chini yangu, katika wodi aliyoijenga mwenyewe. Akaanza kuniita Madamu, mbele ya watu na hata tukiwa wawili tu. Nilimwambia aache, akasema ndivyo inavyotakiwa.

Wagonjwa nao hawakunisaidia. Kuna bibi mmoja anayeletwa kutoka Qurayyat, mkali, hapendi kuguswa na kila mtu. Nilimweleza kwa Kiarabu, kwa adabu zote, kwamba sasa mkuu ni mimi. Akanitazama toka ushungi mpaka viatu. "Mashaallah, binti yangu," akasema. "Haya, kamwite mkuu."

Nyumbani kwetu ni Al Khoudh. Mama alizaliwa Unguja, kaja huku msichana, na Kiswahili chake hakijawahi kuhama. Alikulia katika desturi ya kwamba mtoto akihitimu chuo cha Kurani, akimaliza msahafu, wazee wake humpelekea mwalimu sinia la chakula na nguo, na mtoto hupiga magoti akamwomba mwalimu wake radhi. Kwa mama, elimu isiyo na radhi ya mwalimu haikai. Nilipomwambia nimepandishwa cheo, kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa, "Na mwalimu wako jee?"

"Anaondoka, mama. Anatafuta kazi nchi nyengine."

Hayo yalikuwa kweli, na niliyakata hapo hapo. Mama akayamalizia mwenyewe kichwani: mwalimu anakwenda zake pazuri zaidi, na kabla hajaondoka kamwachia mwanafunzi wake nafasi. "Basi Ijumaa ntamwalika," akasema. "Haondoki mtu huyu bila ya shukurani."

Nilitafuta visingizio wiki nzima. Nilisema ana zamu, mama akasema ataalikwa Ijumaa nyengine. Nilisema si Muislamu, mama akaniuliza kama wasio Waislamu hawali biriani. Ikawa basi.

Ate alikuja amevaa gauni lake zuri, na sahani ya tambi za kukaanga za kwao mkononi. Alikuwa amenipigia simu kuniuliza duka la kuaminika la kuku wa halali, asije akatukosea. Mama akamkalisha mahali pa juu kabisa, akamfukiza udi, akampa doti mbili za kanga. Shangazi zangu walikuwepo na majirani wawili watatu. Baada ya kahawa na halua mama akasimama akasema kwa Kiswahili, na mimi nikiwa mkalimani, "Huyu ndiye aliyemfunza mwanangu mpaka akawa mtu. Na kwa ukubwa wa moyo wake, kampa na kiti chake."

Nikatafsiri nusu ya kwanza.

"Haya, mwanangu, piga magoti umwombe radhi," mama akasema.

Nina watu wazima chini yangu, na nilipiga magoti kwenye zulia mbele ya shangazi zangu, nikaushika mkono wa Ate nikaubusu. Maneno yenyewe ni ya kawaida, kila mtoto wa chuoni huyasema akiwaza biriani: unisamehe, uniridhie. Kinywani mwangu hayakuwa ya kawaida. Niliyasema kwa Kiingereza ili ayaelewe, na aliyaelewa vingine kabisa kuliko mama alivyokusudia. Uso ukamwiva. Alidhani nimemwita pale ili nimtake msamaha wa kiti hadharani, mahali ambapo hawezi kukataa. Akaninyanyua haraka, akasema "Ndiyo, ndiyo," akitazama zulia. Wanawake wakapiga vigelegele. Ningeweza ningezama ndani ya lile zulia nisionekane tena.

Shangazi mkubwa, ambaye hana kufuli mdomoni, akauliza, "Huyu mwisho anarudi kwao lini?"

Ate akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anauliza kama umeshiba."

"Mwambie nimeshiba sana, chakula kizuri."

"Kasema nini?" shangazi akashikilia.

"Kasema karibuni, inshallah," nikamjibu. Wote wawili wakatabasamiana, kila mmoja na uongo wake niliompa.

Nilimrudisha kwa gari hadi kwenye nyumba za wauguzi. Njia nzima nilijipanga kumweleza habari ya desturi yetu, kwamba mama hakujua, kwamba sikumtega. Hakunipa nafasi. Alikuwa na lake.

"Madamu, nataka kukuomba kitu," akasema. "Nimebakiwa na karatasi moja."

Akanihesabia anachotakiwa ili asajiliwe Ayalandi. Leseni ya kwao ilibidi iwe hai, na ili iwe hai alisoma kozi za mtandaoni baada ya zamu. Shule aliyosomea uuguzi ilibidi itume yenyewe matokeo yake, moja kwa moja, na shule ile ilishabadilisha jina na wamiliki. Mtihani wa Kiingereza aliufaulu kusikiliza, kusoma na kuzungumza, akaanguka kuandika, akarudia mpaka akapita. Cheti cha tabia njema kazini alishakipata kutoka kwa wanaotusajili hapa Muscat. Kilichobaki kilikuwa barua ya mkuu wake wa sasa, ambaye naye awe muuguzi aliyesajiliwa, athibitishe kwamba anaifahamu kazi yake na kwamba anafaa.

"Nimemwendea mkubwa wa wauguzi wote wa hospitali," akasema, "kaniambia peleka kwa mkuu wa wodi."

Mkuu wa wodi nilikuwa mimi. Kabla yangu alikuwa yeye, na hakuna nchi inayokubali mtu ajiandikie.

"Na ukichelewa?" nikamuuliza.

"Kibali changu cha kukaa kikiisha kabla hawajanikubali, narudi nyumbani. Nikirudi, hakuna hospitali itakayonichukua kwa umri huu. Na nikikaa bila kazi ya wodi, huko watasema mikono imesahau, nianze upya." Akakunja zile kanga za mama juu ya mapaja yake. "Binti yangu yuko mwaka wa pili chuoni. Siwezi kuanza upya."

Nikamwambia kesho ataipata. Usiku wa siku hiyo sikuonana na mtu, niliketi na kompyuta nikaandika. Karatasi ya Ayalandi aliyoniachia ilikuwa na maswali mafupi, na chini yake nafasi kubwa ya kueleza mabadiliko yoyote ya cheo. Nikaona, hapa ndipo. Mtu akisoma kwamba mkuu wa wodi amekuwa muuguzi wa kawaida miezi yake ya mwisho, atadhani kaharibu kitu. Lazima nimsafishe. Nikaandika kwamba aliondolewa bila kosa lolote, kwa sababu ya uraia tu. Nikaandika kwamba anayesaini hapa ndiye aliyekalishwa kwenye kiti chake, kwamba hakustahili, kwamba kila asubuhi anaingia wodini kwa aibu, kwamba yote anayoyajua kayapata kwake. Nililia nikiandika, na nilipomaliza nilijisikia mwepesi. Nililala vizuri, jambo ambalo pia nalionea haya mpaka leo.

Asubuhi nikampa kwenye chumba cha dawa. Akavaa miwani, akaisoma yote amesimama, polepole. Nilikuwa nangoja machozi, nakiri. Nilijiona nimetenda jambo kubwa.

"Madamu," akasema, "hii si barua yangu."

"Kila neno ni kweli, Ate."

"Ni kweli. Lakini mtu wa ofisi ya huko akiisoma, atakujua wewe. Mimi hatanijua." Akaweka kidole kwenye karatasi akakishusha mstari baada ya mstari. "Hapa una aibu. Hapa unaumia. Hapa hulali. Mimi niko wapi? Hakuna hata sindano moja."

Nikakifuata kidole chake mpaka chini ya karatasi.

"Na akisoma hivi atajiuliza, kuna nini kwenye wodi ile? Ataandika barua kuuliza. Hospitali itachukia, haitajibu. Faili langu litakaa mezani kwa mtu mpaka kibali kiishe." Hakupandisha sauti hata kidogo, na ningependa angepandisha. "Unataka nifanye nini na aibu yako? Mimi sina pa kuiweka."

Masikio yaliniwaka. Pale kwenye zulia la mama angalau niliweza kusema ni mama. Hii niliitenda mwenyewe, kwa mkono wangu, nikidhani ni wema.

Akavuta kiti, si kile cha ofisini, cha plastiki cha chumba cha dawa, akaketi. "Andika siku umeme ulipokatika," akasema.

Nikaandika. Siku umeme ulipokatika na jenereta ya dharura ikakataa kuwaka, damu za wagonjwa ziko nje ya miili yao ndani ya mipira, na Ate akizunguka kitanda baada ya kitanda akizungusha pampu kwa mkono, mpaka damu ya kila mtu ikarudi kwa mwenyewe, huku akituambia sisi wengine tushike wapi. Nikaandika mishipa migumu aliyoiokoa isipasuliwe. Nikaandika yule bibi wa Qurayyat, asiyekubali kuchomwa na mtu mwengine. Habari ya cheo ikawa sentensi moja: alikuwa mkuu wa wodi mpaka nafasi hiyo ilipotengewa wananchi, na kazi yake haikuwa na dosari. Ilitosha. Ilikuwa barua nzuri mno, na mimi sikuwemo.

Akaisoma akatikisa kichwa kukubali, kisha akanionyesha mahali nilipopaacha patupu, chini, juu ya saini. Waliuliza anayesaini ana uhusiano gani na mwombaji.

"Niandike mwanafunzi wako," nikasema.

"Wakiona mwanafunzi hawataipokea."

"Mwenzako, basi."

"Madamu." Muhuri ulikuwa mkononi mwake tayari, na wodini kengele ya mashine moja ilikuwa ikilia. "Andika wewe ni mkuu wangu. Kwa herufi kubwa, wasome."

Nikaandika kwa herufi kubwa. Akanipa muhuri, nikapiga, akaupuliza wino ukauke, akaenda kuitazama ile mashine.