Kamba ya Kahawa Yashuka Mbaha

Sisi wa Ukata hatupandi mche mgeni wa kahawa kwa maneno ya bwana shamba peke yake. Tunakwenda kwanza kwa aliyetangulia, tukauone umezaa. Basi daktari aliponiambia kwamba mkono wangu wa kulia, uliovimba tangu nilipoondolewa titi kwa saratani, unaweza kutibiwa kwa kutoa tezi chache kinenani na kuzipandikiza kwapani ili ziondoe maji yaliyotuama, nilimuuliza: "Nani kashapandikizwa, nikamwone?" Akacheka. Lakini alimwomba ruhusa Mama Leah wa Mbaha, kule ziwani, aliyekwisha kupandikizwa, naye akakubali.

Niliogopa jambo moja. Wakichukua tezi kinenani, mguu nao ukivimba je? Mkono mmoja utachuma kahawa polepole, lakini kwa mguu mmoja milima yetu haipandiki.

Alfajiri, Ukata. Mume wangu, Baba Osmunda, aliniona natia kikapuni kamba ya kupimia nafasi za miche.

"Unakwenda kumtembelea mtu au kumgawia shamba?"

"Macho hudanganya," nikamjibu.

Mbinga mjini nilikunywa chai, nikapanda gari la kushuka ziwani. Kwenye kona joto likanipata. Sweta likagoma kutoka kwenye mkono mnene, kondakta akalivuta kama anayechuna mbuzi.

Mchana, Mbaha. Mama Leah alikuwa ufukweni akigeuza usipa, dagaa wa huku, juu ya kichanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kahawa? Karibu, kunywa maji kwanza."

Sikungoja maji. Nilitoa kamba, naye akacheka mpaka usipa wakamwagika, kisha akanyoosha mikono yote miwili. Nikaizungusha kila mkono, nikapima unene. Ule uliopandikizwa ulizidi mwenzake kwa vidole viwili. Nikafunga fundo hapo unene wake ulipoishia.

"Mama, mbona bado?"

"Ulizidi kiganja kizima! Na bado nauvalisha soksi ya kubana. Nyie kahawa mnapanda leo, mnavuna kesho?"

"Mwaka wa tatu."

"Mimi nina mwaka mmoja na nusu. Haraka ya nini na mkono wangu?"

Nikaomba nipime na miguu. Hapo aliacha kucheka.

"Hata mimi niliogopa hilo. Waliniambia wazi hatari ipo. Walitafuta kwanza tezi ambazo mguu unazitegemea, wakaziacha."

Akapandisha kitenge mpaka magotini. Nilipima kulia, kushoto, nikarudia kulia. Sawasawa. Nikalia palepale mchangani kwa furaha, na kwa aibu kidogo, maana maji aliyonikaribisha nilikuwa bado sijayanywa.

Kesho yake jioni nilirudi Ukata na usipa kikapuni. Tulizoea kuuliza kama mche umezaa. Mbaha nimejifunza kuuliza kwanza una umri gani.

"Kamba inasemaje?" akauliza Baba Osmunda.

Niliizungusha mkononi mwangu. Fundo la Mama Leah liliishia mbali, halikufika. Nikafunga fundo langu.

"Hapa ndipo nilipo, pale ndipo ninapokwenda, Mungu akipenda. Msimu wa miche tafuta kamba nyingine. Hii naenda nayo hospitali."