Wimbo wa Mavuno kwa Viola ya Serah

Serah, Mkenya afanyaye kazi benki huko Midrand, Afrika Kusini, hupiga viola, ile fidla yenye sauti nzito kidogo, katika kundi la watu wanne. Miaka yote viola yake iliwasindikiza wenzake tu kwa chini. Jumamosi moja, mazoezini, walifungua karatasi za muziki wa mtunzi wa Ukraine, uliosukwa kwa nyimbo za mavuno za kwao, akakuta sauti kuu ya wimbo imeandikiwa viola yake.

"Wayne, karatasi hazijachanganyika?" alimuuliza kiongozi wao.

"Hapana, dada. Leo tunakufuata wewe."

Akaiweka viola begani. Alianza polepole, kisha sauti ya viola ikajaa ukumbi wa kanisa, wenzake wakimwitikia. Walipomaliza alikuwa amelowa jasho, anacheka.

"Eish, turudieni," alisema, nao wakarudia mpaka mlinzi alipokuja kufunga milango.